Mama Pasi na Kidole Kinachokula Bure

Katika chumba kile cha dobi hakuna nguo iliyoguswa na maji kabla mifuko yake haijavutwa nje kama ulimi wa mtoto anayemkejeli mwenzake. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na aliyeiweka ni marehemu Kola, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Jina la Kola alipewa na mtaa. Alikuwa mtu wa sala, lakini hata katika nyumba ya ibada macho yake yalipitia kwanza kola za waliokaa mbele yake ndipo yakainuka kwa Mungu. Jambo hilo hakulificha. Alisema Mungu anamjua.

Mifuko ya watu ilitoa kila kitu: funguo, tiketi, vidonge vya kichwa, jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi, picha ya mwanamke ambaye si yule aliyeleta nguo. Vyote viliingia kwenye kopo la maziwa juu ya rafu, na mwenye nguo alirudishiwa chake bila swali wala jicho la pembeni.

Sheria ya pili ilikuwa ya mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Mama Pasi aliushona kwa ndani, penye mshono, mahali ambapo hata mwenye nguo hapaoni: wa mwokaji mkate ulikuwa mweupe, wa mwalimu wa hesabu ulikuwa wa buluu uliokatizwa na mwekundu. Na nguo haikutoka mpaka anayeichukua aseme jambo moja ambalo mwenye nguo pekee angelijua. Kuna wakati alikuja bwana mmoja mtanashati, ananukia manukato hadi barabarani, akasema ametumwa na kaka yake achukue suti nyeusi. Mama Pasi akamuuliza kifungo cha mkono wa kushoto kina tofauti gani na vingine. Bwana akacheka, akasema vifungo ni vifungo tu. Suti ikabaki kwenye kiango. Jioni mwenye suti alipokuja, ikajulikana kwamba hana kaka, na kifungo kile alikishona mwenyewe kwa uzi wa kijani kwa sababu hakuwa na mwingine.

"Unawahoji watu kama polisi," Kola alikuwa akimwambia mkewe.

"Polisi wanatafuta mwenye kosa," Mama Pasi alimjibu. "Mimi natafuta mwenye nguo."

Waliishi hivyo, Kola kwenye mabeseni, mkewe kwenye pasi, wakitaniana kutoka asubuhi mpaka giza. Na utani ambao Kola hakuuchoka ulihusu kidole. Mama Pasi alishika mpini wa pasi kwa vidole vyote isipokuwa kile cha mwisho cha mkono wa kulia. Hicho kilisimama peke yake hewani, kama cha mtu anayekunywa chai nyumbani kwa wakubwa. Alianza hivyo tangu usichana wake, alipounguzwa na mvuke, na kidole kikakataa kurudi kazini. "Tisa wanafanya kazi," Kola alisema, "huyu wa kumi anakula bure. Siku moja nitamdai kodi."

Kisha Kola akaugua, akalazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena, na mara ya pili hakurudi. Mvua za kwanza zilikuja zikaisha bila yeye. Koti lake la kazi lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama Pasi alifua nguo za mtaa mzima lakini lile hakulifua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Tusimfanye kuwa mtu wa kulia tu. Alilia, ndiyo, na alikuwa na saa yake ya kulia, alfajiri baada ya sala, kabla hajafungua mlango. Akishafungua mlango alikuwa mtu wa kazi. Kwa aliyekuja kumpa pole na shati chafu mkononi, alipokea vyote viwili na kumwambia siku ya kurudi.

Ndipo ikafunguliwa nyumba ya wageni pale kwenye kona, ya ghorofa, yenye vyumba vingi kuliko nyumba zote za mtaa. Kola mwenyewe, kabla hajalala kitandani, alishaanza kuzungumza na meneja wake, mwanamke wa miwani asiyepoteza maneno. Sasa meneja akamwita Mama Pasi ofisini. Akamwambia kazi yake anaijua na anaipenda, lakini mashuka ya vyumba vyote hayawezi kufuliwa kwa mkono yakakauka kabla wageni wa jioni hawajafika. Upande wa pili wa mji kulikuwa na dobi mkubwa anayefunga biashara, anauza mashine kubwa ya kufulia. Mama Pasi akiipata kabla ya mwezi kwisha, mashuka na taulo zote ni zake. Asipoipata, kuna wengine wanapiga hodi.

Mama Pasi hakuwa na fedha za kununua mashine, ila alijua zinapopatikana. Chama cha akiba na mikopo cha mafundi na wafanyabiashara kilikuwa na ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwokaji mkate alikuwa mwanachama, akamsifia: riba ndogo, viongozi mnawachagua wenyewe, fedha ni za wanachama. Mama Pasi akavaa gauni lake la ibada, akachukua kitambulisho, akapanda ngazi.

Alipokewa na afisa mikopo, binti mwenye kucha fupi na sauti ya upole, ambaye alimweleza hatua moja baada ya nyingine. Kwanza watahakiki kwamba yeye ni yeye. Hilo linafanyika kwa kuingiza namba ya kitambulisho kwenye mtambo, na mtambo unauliza ofisi ya usajili wa watu. Baada ya hapo, kwa idhini yake, wataangalia taarifa zake za mikopo, yaani amewahi kukopa wapi na amelipaje, kwa maana wakopeshaji wote hupeleka habari hizo mahali pamoja. Zikiwa safi, anakuwa mwanachama, anatafuta wadhamini wawili, na ombi lake linakwenda mbele. Binti akaomba radhi kwa usumbufu. Wengine, alisema, wanaudhika wakihojiwa.

"Mimi nisingeudhika," Mama Pasi akamwambia. "Ungenipa fedha bila kuniuliza, ningeondoka. Ningejua hata zangu utampa yeyote mwenye gauni zuri."

Binti akatabasamu, akaandika namba, akabonyeza. Akasubiri. Akasogeza uso karibu na kioo, akaisoma ile namba upya kwenye kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, akabonyeza tena. Lile tabasamu likamtoka polepole. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Mama, samahani kwa nitakalolisema. Mtambo unasema mwenye kitambulisho hiki amefariki."

Mama Pasi alimwangalia. Nje, chini dukani, mtu alikuwa anakata bati, na kelele zile zilijaza chumba zikaisha.

"Lini?" akauliza.

Binti akamtajia mwezi. Ulikuwa mwezi wa Kola.

Afisa yule, tumpe haki yake, hakumfukuza wala hakumkumbatia. Alimwambia wazi kwamba mtu akija na kitambulisho cha marehemu, utaratibu unamtaka amdhanie tapeli mpaka ithibitike vinginevyo. Akamuuliza maswali: jina la mama yake, mahali alipozaliwa, shule aliyosoma. Mama Pasi akayajibu yote bila kumung'unya maneno. Majibu yalilingana na yaliyo kwenye mtambo. Lakini taarifa za mikopo zilikuwa zimefungwa, kwa sababu hakuna anayekopesha marehemu, na kwa hiyo chama hakikuweza kujua kama anadaiwa hata senti. Dawa yake ilikuwa moja: aende ofisi ya usajili akarudishwe hai. Mlango wa chama, binti akasema, uko wazi. Akasita, akajirekebisha: uko wazi kwa walio hai.

Mama Pasi akacheka kwanza, ndipo binti naye akathubutu.

Alishuka ngazi akikumbuka kitu. Aliyekwenda kuandikisha kifo cha Kola hakuwa yeye. Siku zile hakuwa na miguu ya kwenda popote. Aliyekwenda ni mdogo wa marehemu, shemeji yake, dalali wa vyumba na viwanja, mtu wa maneno mengi na moyo laini, aliyefanana na kaka yake kama mashati mawili ya kitambaa kimoja. Alimkuta kibarazani kwake akimsifia mteja chumba kisicho na dirisha. Mteja alipoondoka, Mama Pasi akamwambia shemeji yake kwamba amemuua.

Shemeji alifikiri ni mzaha, akajibu kwa mzaha, mpaka alipoona uso ule haujacheka. Akaingia ndani, akatoka na bahasha yenye nakala ya cheti cha kifo. Wakakisoma wote wawili kwa mara ya kwanza kwa makini. Jina lilikuwa la Kola, lile la kwenye kitambulisho, ambalo mtaa ulishalisahau. Tarehe ilikuwa yake, hospitali ilikuwa yake. Lakini ile namba iliyoandikwa chini ya jina ilikuwa ya mkewe. Nani anasoma tarakimu kwenye karatasi ya msiba? Jina likiwa sawa, macho yanajaa machozi na karatasi inakunjwa.

Na kosa lenyewe, walipolifuatilia, lilianzia kwenye beseni. Kola, aliyegeuza mifuko ya kila mtu, hakuwahi kugeuza ya kwake. Mwaka mmoja alifua suruali yake kitambulisho kikiwa ndani, kwa maji ya moto na sabuni ya madoa, akakisugua na kukisuuza vizuri. Kilitoka kisafi. Picha ilibaki kivuli, na namba zilififia hata ikabidi kuzitafuta kwa kukielekeza juani. Mkewe alicheka mpaka akaketi chini. Tangu hapo akavichukua vitambulisho vyote viwili, akavitia kwenye mfuko mmoja wa plastiki, akavifunga kwa mpira, akasema mwanamume huyu haaminiki na mifuko. Kola alisema kila mwezi kwamba atakwenda kukibadilisha.

Shemeji alipofika ofisi ya usajili alitakiwa atoe kitambulisho cha marehemu na cha mjane. Akauweka ule mfuko mzima juu ya meza. Karani akaufungua: kitambulisho kimoja kinasomeka, kingine hakisomeki. Akanakili kinachosomeka. Shemeji alikuwa amesimama pale pale, akimwelezea mtu wa nyuma yake kuhusu marehemu kaka yake, na hakuangalia.

"Nisamehe, shemeji," alisema sasa. Mikono ilikuwa juu ya kichwa.

"Nimekusamehe. Keti."

Hakuketi. Ubongo wa dalali haukai kimya, na palepale ulimwonyesha njia. Alianza kuzungumza haraka, akitembea huku na huku kwenye kile kibaraza. Kurekebisha kumbukumbu za serikali kunaweza kuchukua muda, na mwezi unakwisha, na mashine inauzwa. Lakini tuangalie upande wa pili. Kama mtambo unasema shemeji amefariki, basi kaka yuko hai. Namba yake haijaguswa. Na kaka hakuwahi kudaiwa na mtu, taarifa zake zitakuwa nyeupe kama theluji. Kitambulisho kimefifia, picha haionekani, na yeye mwenyewe anafanana na kaka kuliko hiyo picha. Aende yeye kwenye chama, aseme ni Kola, asaini. Mashine inakuja, mashuka yanakuja, baadaye mambo yanarekebishwa taratibu. Hakuna anayeibiwa, kwa kuwa mkopo utalipwa.

Mama Pasi alimsikiliza mpaka mwisho. Hapa tuseme kweli, kwa sababu aliwahi kuisema mwenyewe: maneno yale yalimgusa, na si kwa ajili ya mashine. Mahali fulani katika nchi, ndani ya mtambo, Kola alikuwa hai. Anapumua, ana namba, anaweza kuomba mkopo. Ili yeye arudi, ilimbidi amtoe mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Aliuona akilini msumari ule nyuma ya mlango na koti lake. Midomo ikamcheza kidogo, na shemeji alijua anaomba, akaacha kutembea.

"Nimemwombea kaka yako apumzike kwa amani kila alfajiri," alisema mwishowe. "Leo nimwamshe aje kukopa?"

Shemeji akainamisha kichwa.

"Halafu wewe," akaendelea, na sauti ikarudi ile ya dukani, "ungeulizwa kifungo cha mkono wa kushoto usingejua. Kesho asubuhi vaa shati safi. Tunakwenda wote, na wewe ndiye utakayesema."

Ofisi ya usajili ilikuwa na mabenchi ya chuma na feni ya darini iliyozunguka bila kuleta upepo. Waliketi kati ya watoto wachanga waliokuja kuandikishwa na watu waliopoteza vitambulisho. Mama Pasi aliona kwamba bwana wa dirisha la marekebisho ana shati lenye kola iliyopigwa pasi upande mmoja tu. Mtu huyu, alijiambia, anajipigia mwenyewe na anachelewa kuamka. Akamwonea huruma, na ile hofu kidogo aliyokuwa nayo ikaondoka.

Shemeji alisema. Kwa mara ya kwanza maishani alisema kwa kifupi: kwamba alikuja na vitambulisho viwili, kwamba hakuangalia, kwamba huyu aliyesimama hapa ndiye aliyeandikwa amekufa na aliyekufa ni kaka yake. Karatasi za hospitali zilikuwa na jina na maelezo yote ya Kola. Bwana wa usajili alizipitia kwa utaratibu, akakielekeza kitambulisho kilichofuliwa kwenye mwanga wa dirisha, akazisoma namba kwa taabu, akaguna. Hakumlaumu karani aliyepita wala hakumtetea. Alisema linarekebishika siku hiyo hiyo kama mhusika atathibitisha kwa alama za vidole. Zote kumi zilichukuliwa zamani, vitambulisho vilipotolewa. Akausogeza mbele kijisanduku chenye kioo cha kijani.

Mama Pasi akaweka kidole gumba cha kulia. Kijisanduku kikalia mlio wa kukataa. Akaweka cha kushoto. Kikakataa. Akafuta vidole kwa kitambaa, akaweka cha shahada, cha kati, cha pete, mkono huu na mkono ule. Mara mbili mtambo ulikubali kufikiri, halafu ukakataa. Bwana akaugeuza mkono wake juu akautazama. Sabuni, soda ya kufulia na mpini wa moto vilikuwa vimefanya kazi yao miaka yote ile. Ncha za vidole zilikuwa laini na zinang'aa kama sehemu ya chini ya pasi yenyewe.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Dobi."

Bwana akashusha pumzi. Wanakuja, alisema, mafundi wa saruji, wafinyanzi, madobi. Alimshauri apumzishe mikono, apake mafuta, asiguse sabuni, arudi baada ya wiki kadhaa ngozi ikishajenga mistari. Alisema kwa nia njema. Lakini mwezi ulikuwa unakwisha, na dobi asiyegusa sabuni wiki kadhaa atakula nini? Mama Pasi hakupaza sauti. Aliuliza kama kuna njia nyingine. Kulikuwa na njia ya kiapo na mashahidi, ila hiyo ilipita makao makuu na haikuwa ya wiki kadhaa, ilikuwa ya miezi.

Nyuma yao foleni ilianza kukohoa. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, ameviangalia vidole vya mke wa kaka yake vilivyotandazwa kwenye kaunta. Kisha akakunja uso kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Shemeji," alisema, "na huyo anayekula bure?"

Mama Pasi hakuelewa mara moja. Halafu akakitazama kile kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Hata pale, juu ya kaunta ya serikali, kilikuwa kimejiinua kidogo, hakijagusa. Ni kweli alikuwa hajakijaribu. Bwana wa usajili naye hakukiomba, kwa kuwa watu wengi wakifika kwenye cha pete wanakata tamaa.

Akakishusha juu ya kioo.

Mtambo ukafikiri. Kijisanduku kikalia mlio mwingine, mfupi na wa juu, na taa ikageuka rangi. Kwenye skrini ilitokea picha ya mwanamke kijana mwenye macho makali, na bwana wa usajili akaitazama, akamtazama aliyesimama mbele yake, akasema, "Karibu tena, mama."

Shemeji alikuwa ameugeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika, na foleni haikujua kama anacheka au analia. Alikuwa anafanya vyote viwili.

Ilibaki sehemu ya pili. Bwana akaivuta namba ya Kola, na akauliza kwa sauti ya chini kama anathibitisha kwamba mwenye namba hii ndiye aliyefariki. Hili halikuhitaji kidole, lilihitaji mdomo wake tu. Mama Pasi alisimama wima.

"Nathibitisha," alisema. "Alikuwa mume wangu. Mwandike vizuri."

Bwana akaandika vizuri. Akaisoma namba kwa sauti tarakimu kwa tarakimu, na shemeji safari hii akaangalia kila moja.

Siku iliyofuata alipanda ngazi za chama. Afisa mikopo alibonyeza, akasubiri, na sasa uso wake ukafunguka. Utambulisho ulipita. Taarifa za mikopo zilifunguka nazo, na binti akamgeuzia skrini ili waone pamoja, kwa sababu, alisema, ni mambo yako mwenyewe na una haki ya kuyaona. Kulikuwa na mkopo wa zamani wa kununua pasi ya mvuke, umelipwa. Kulikuwa na mmoja mdogo wa kukarabati paa, umelipwa. Katika huo kulikuwa na alama moja ya njano. Malipo ya mwezi mmoja yalichelewa. Chama kinapaswa kuuliza, binti akasema, na kuandika maelezo.

Mama Pasi akausoma mwezi wenyewe. Alikuwa amefikiri kwamba mwezi ule uko kifuani mwake peke yake.

"Ndio mwezi mume wangu alilazwa mara ya kwanza," alisema. "Nilikuwa wodini. Mwezi uliofuata nililipa ya miezi miwili."

Binti akaangalia chini kidogo kwenye skrini, akaona kwamba ni kweli, akaandika. Kisha akarudi kwenye maswali ya kawaida ya mwanachama mpya: kazi, makazi, hali ya ndoa. Hapo akatulia na kalamu yake, amlainishie njia.

"Mjane," Mama Pasi akasema kabla hajaulizwa mara ya pili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo juu ya nafsi yake. Lilitoka kavu na zima.

Mwokaji mkate alikubali kuwa mdhamini, na mwalimu wa hesabu akawa wa pili. Shemeji naye alijitolea, akashukuriwa, na wote wakakubaliana kwamba taarifa zake za mikopo zisisumbuliwe, maana chama kingefunga ofisi wiki nzima kuzisoma. Ombi lilipita. Meneja wa miwani alipokuja kuhakikisha, mashine ilikuwa imeshafungwa kando ya mabeseni, nyeupe, kubwa kama kabati, na mwezi ulikuwa haujaisha. Aliizunguka, akaigonga ubavuni, akasema mashuka yatafika alasiri.

Fundi aliyeifunga alikuwa ameagiza ijaribiwe kwanza kwa nguo isiyo ya mteja. Mama Pasi alienda nyuma ya mlango, akalitoa lile koti kwenye msumari. Alilishika kitambo. Kisha akafanya kama sheria inavyotaka, akavuta nje mfuko wa kulia, akavuta nje wa kushoto, na ule mdogo wa kifuani ambao Kola alikuwa akiusahau. Kulikuwa na kipande cha sabuni na kifungo. Akaviweka kwenye kopo la maziwa, akalitia koti ndani, akafunga mlango wa mashine.

Shemeji, aliyekuwa amekuja kuona, alimwonyesha kitufe cha kuwasha na kumwambia abonyeze mwenyewe. Mama Pasi akanyoosha mkono, akabadili mawazo, akakunja vidole vingine vyote na kubonyeza kwa kile cha mwisho.

"Basi kodi imelipwa," akasema.